Tunafanya podikasti ya Doctor Who ya zamani kwa Kiswahili, tumefika kwenye episodi ambazo hazipo. Tuziruke?

Mtu_wa_Tabata

Habari wakuu. Naomba mawazo maana tumekwama, na tukiendelea kubishana hivi sisi watatu hii kitu itakufa kabla haijatembea.

Iko hivi. Mimi, mdogo wangu wa kiume na dada mmoja niliyesoma naye chuo tunafanya podikasti ya Kiswahili kuhusu Doctor Who, ile ya zamani kabisa, nyeusi na nyeupe. Tuliingilia kwa Ncuti Gatwa, yule kijana aliyezaliwa Kigali akakulia Scotland, alivyopewa nafasi ya Daktari mwaka 2022 mdogo wangu nyumbani alikuwa haongei kingine, tukaanza kuangalia, tukarudi nyuma kwa David Tennant, tukarudi tena kwa Tom Baker na skafu yake ndefu, mwisho tukajikuta tuko 1963 kwa mzee William Hartnell mwenye nywele nyeupe na hasira za karibu, hapo ndo tukazama jumla.

Kwa ambaye hajui, ni mchezo wa televisheni wa BBC ya Uingereza, Daktari ni mzee anayesafiri kwenye wakati na kwenye anga, na muigizaji akibadilishwa Daktari anabadilika sura tu, chombo chake kinaitwa TARDIS, kwa nje ni kibanda cha polisi cha bluu (zamani Uingereza vilikuwa vimesimama barabarani, vina simu ya kuita polisi) ila ukiingia ndani pakubwa kuliko nje. Episodi ya kwanza ilirushwa tarehe 23 Novemba 1963, siku moja tu baada ya Kennedy kuuawa, watu akili zilikuwa kwingine, ikabidi BBC wairudie wiki iliyofuata ndo waendelee na ya pili.

Tumesharekodi nne, moja ya utangulizi na tatu za story tatu za mwanzo. Tunarekodi sebuleni usiku magari yakipungua. Sasa story ya nne inaitwa Marco Polo, ni ya 1964, ina episodi saba na zote saba picha yake haipo. BBC walifuta kanda zao. Kilichobaki ni sauti na picha za mnato basi.

Mdogo wangu anasema turuke twende kwenye zinazoonekana. Dada anasema tutumie zile ambazo fani (mashabiki) wametengeneza kwa kupanga picha za mnato juu ya sauti, tuzijadili kama kawaida. Mimi moyo unakataa kuruka lakini sijui nitamwambia nini msikilizaji kuhusu kitu ambacho hata mimi sijakiona. Mlioko kwenye mambo haya mnafanyaje? Na je tukiweka vipande vya ile sauti kwenye podikasti yetu kuna shida?

---

kijana_wa_mbagala

Mkuu hongereni kwanza, Kiswahili sijawahi kuona mtu anafanya hii kitu.

Ila mimi nasimama na mdogo wako. Msikilizaji wa huku Doctor Who ya 1964 hajaiona hata ile iliyopo, we unataka kumpeleka kwenye isiyokuwepo? Atazima. Mngeanzia Tom Baker, 1974 kwenda mbele, mfano Genesis of the Daleks ya 1975 (ma-Dalek ni wale maadui wakubwa wa Daktari), ile mtu akisikia mnaizungumzia anaenda kuitafuta na anaipata, rangi ipo, story imekamilika. Mkishapata watu wenu ndo mnawarudisha nyuma taratibu. Watu wanaanza na wanachokiona jamani.

---

BintiNyali

Mimi napingana na kijana wa Mbagala kwa heshima kabisa, na nitaandika kirefu mnisamehe maana hili jambo liko moyoni.

Kaka wa Tabata, hebu fikiria mnatengeneza nini. Mnatengeneza kitu cha kusikiliza. Na Marco Polo leo hii ni kitu cha kusikiliza! Ni kama imetengenezewa nyinyi. Story zote zile za kuonekana ndo zinawapa taabu, maana mnakaa mnaeleza picha ambayo msikilizaji haioni, hii moja mko sawa naye, wote mna masikio tu.

Halafu kuna kitu naona bado hujakigundua kwenye Marco Polo. Marco mwenyewe anasimulia. Kila mara wanaposafiri kwenye misafara yao kwenda kwa Kublai Khan sauti yake inaingia anasoma kwenye daftari lake la safari, wakati kwenye skrini kulikuwa kunapita ramani. Yaani msimulizi yupo tayari ndani ya mchezo. Afu kuna ile sehemu ya jangwani, dhoruba ya mchanga, mchanga unapiga kelele kama watu wanalia, wanauita mchanga unaoimba. Zima taa, vaa hedifoni, sikiliza hiyo halafu uje useme kama umekosa picha.

Na ile ya mwisho ambapo Daktari anacheza na Kublai Khan mwenyewe, wazee wawili wanaumwa viungo, mmoja mfalme wa nusu ya dunia, wanarusha dadu, Daktari anashinda mali chungu nzima akaweka yote ili apate TARDIS yake, akapoteza yote. Mi nilicheka peke yangu kwenye matatu.

Huko kwenu Bara si mlikulia michezo ya redio? Wazazi wenu walikuwa wanakaa chini kusikiliza Pwagu na Pwaguzi RTD hakuna aliyeuliza picha iko wapi. Sikio la huku limeshafunzwa siku nyingi.

Ninachoshauri: mmoja wenu asisikilize kabisa kabla. Wawili wasikilize episodi zote saba, halafu kwenye kurekodi wamsimulie yule wa tatu, yeye awe anauliza, "sasa hapo alikuwa amesimama wapi? huyo Tegana ni mbaya au mzuri?" Maswali yake ndo maswali ya msikilizaji.

---

FundiSauti_Arusha

Nijibu la vipande vya sauti kwanza. Ule muziki wa mwanzo msiuguse. Una wenyewe, na sehemu nyingi za kuweka podikasti zina mashine inautambua hapo hapo. Sauti za episodi nazo ni mali ya BBC, kuwa fani mmoja alirekodi nyumbani kwao haiifanyi kuwa ya bure. Mimi ningekuwa nyinyi nisingeweka kipande, ningesimulia na kuigiza kwa midomo yetu.

Ila huo muziki uzungumzieni, hiyo ruksa na ni story tosha peke yake. Aliyeutunga ni Ron Grainer, lakini aliyeufanya uwe vile unavyosikika ni dada mmoja anaitwa Delia Derbyshire, BBC walikuwa na kitengo cha kutengeneza sauti za ajabu kinaitwa Radiophonic Workshop. 1963 hakuna kinanda cha umeme cha kukupa hizo sauti. Alikuwa anarekodi noti moja moja kwenye utepe, anakata utepe kwa wembe kwa urefu anaoutaka, anabandika kimoja baada ya kingine mpaka wimbo mzima unatimia. Na ile sauti ya TARDIS ikiondoka, ule mkwaruzo, jamaa mwenzake Brian Hodgson alichukua ufunguo wa nyumba ya mama yake akakwaruza nao nyuzi za piano, akairekodi akaichezea. Ufunguo wa mlango! Mimi kila nikiwafundisha vijana studio naanza na hiyo, nawaambia angalia una nini mfukoni.

Kwa hiyo tengenezeni za kwenu. Sufuria, funguo, mchanga kwenye ungo kwa ile dhoruba aliyoisema Binti Nyali. Kila mmoja arekodi kwenye simu yake mwenyewe ikiwa karibu na mdomo, kabla hamjaanza mmoja apige kofi moja la nguvu, ile kofi ndo mtaitumia kulinganisha sauti tatu kwenye kuediti. Zimeni feni. Tandikeni blanketi mezani. Dirisha mkilizibia godoro hata bodaboda hazisikiki.

---

msee_wa_eastlando

Wah, hii thread imenifanya nipige simu nyumbani.

Mnajua hizi episodi zilizopotea ni story yetu pia sio ya Waingereza peke yao? Wacha niwaeleze. BBC walikuwa wanarekodi kwenye kanda za video, hizo kanda zilikuwa bei ghali sana na zinaweza kutumika tena, na mikataba na waigizaji ilikuwa hairuhusu kurudia vipindi mara nyingi, so wakaona kuweka ni hasara, wakafuta. Lakini kabla ya kufuta walikuwa wanapiga kopi kwenye filamu za milimita 16 za kuuzia stesheni za nje. Na walionunua ni kina nani? Australia na New Zealand sawa, lakini pia Nigeria, Zambia, Uganda, na sisi Kenya. Kenya tulikuwa na televisheni tangu 1962. Hizo reli za filamu zilikuwa zinazunguka, stesheni moja ikimaliza inapelekea stesheni nyingine au inarudisha London au inaambiwa ichome. Halafu hata London nako kopi za filamu zilianza kutupwa, hii kazi ya kufuta na kutupa ilienda kutoka 1967 mpaka 1978 hivi. Kuna fani mmoja alifika pale 1978 akakuta zile reli za story ya kwanza ya ma-Dalek zimewekwa tayari kuharibiwa, akazizuia. Story ya kwanza ya ma-Dalek, imagine.

Sasa sikia hii. Mwaka 2013 jamaa anaitwa Philip Morris, kazi yake ni kutafuta filamu za zamani, alitangaza amepata episodi 9 kwenye stesheni ya televisheni mji wa Jos, Nigeria. Zimekaa kwenye shelfu na vumbi miaka na miaka. Ndo The Enemy of the World ikatimia yote sita na The Web of Fear ikabaki na pengo moja tu, episodi ya tatu. Na miaka ya themanini pia kuna zingine zilitoka Nigeria hiyo hiyo. Patrick Troughton, Daktari wa pili baada ya Hartnell, watu wanamwona leo kwa sababu mtu fulani wa stoo kule Jos hakutupa kitu. Huyo mtu hakuna anayemjua jina na mimi hunikaa sana hiyo.

Sasa mzee wangu. Alikuwa kijana miaka hiyo, kwao hakukuwa na TV, walikuwa wanaenda kwa nyumba ya mwalimu mmoja wanakaa chini kwa sakafu. Nimemuuliza leo mchana kama anakumbuka kitu kama kibanda cha polisi kinapotea. Akanyamaza kidogo. Halafu akaanza kuimba ile miusiki kwa simu. Ile ya Delia mwenyewe, *dum-di-dum*. Mimi sikuwa nimemwambia jina ya show bado.

Hakumbuki story. Anakumbuka muziki na kibanda na kwamba mama mwalimu alikuwa anazima taa ili iogopeshe vizuri. Kama mnataka kumrekodi nitamuuliza.

---

BintiNyali

Msee, nimesoma hapo kwenye kuimba mwili ukanisisimka. Tafadhali mrekodi mzee hata kwa simu, hata podikasti ya hawa isipotoka.

---

MamaKhadija_Leicester

Asalaam aleikum wanangu. Mimi niko huku miaka mingi na watoto wangu ndio walinivuta, sasa hivi wao wameacha mimi naendelea.

Naongeza kidogo juu ya hizo sauti zilikotoka, maana hapo ndo jibu la huyu wa Tabata lilipo. Wakati huo hakuna video nyumbani, hakuna kurudia. Watoto wa huku walikuwa wanaipenda kiasi kwamba wanachukua tepu rekoda, wanaweka maiki mbele ya spika ya TV, wanawaambia wazazi na wadogo zao jamani nyamazeni dakika 25. Wengine walijua umeme kidogo wakaunganisha waya moja kwa moja ikatoka safi. Hawakuwa na habari kama BBC itafuta. Walitaka tu kuisikiliza tena wakilala. Na kwa sababu ya watoto hao, kila episodi iliyopotea sauti yake ipo. KILA moja. Ya Hartnell na Troughton jumla ni episodi 253, baada ya zile za Jos walihesabu hazina picha 97, na hakuna hata moja ambayo sauti haipo. Picha za mnato nazo, kulikuwa na mpiga picha anaitwa John Cura kazi yake kuipiga picha skrini ya TV kipindi kikiwa hewani, anawauzia waigizaji na waongozaji.

Hata ile mara ya kwanza kabisa Daktari kubadilika sura, 1966, Hartnell anaanguka anaamka Troughton, episodi yenyewe haipo, kile kipande kidogo kipo kwa sababu kipindi cha watoto cha Blue Peter walikionyesha.

Huku 2023 waliweka episodi zaidi ya 800 kwenye mtandao wa BBC lakini mkiwa nje ya Uingereza hazifunguki, najua. Ila zipo zilizochorwa katuni juu ya zile sauti za watoto, The Power of the Daleks ilitoka hivyo 2016, DVD zake zinapatikana. Lakini msianze na katuni. Sauti kwanza.

---

kijana_wa_mbagala

Mama Khadija waleikum salaam. Hilo la watoto na tepu rekoda sikulijua kabisa, nimelisoma mara mbili. Nabadili kauli yangu nusu. Fanyeni Marco Polo, ila hiyo habari ya watoto wanaoambia watu nyamazeni iwekeni mwanzo kabisa, kabla hata hamjataja Marco Polo ni nani, maana mimi mwenyewe ambaye nilisema nitazima, hapo nisingezima.

Swali lingine sasa, ile kubadilika sura mnaiitaje Kiswahili? Isije ikawa mnaongea Kiswahili afu kila dakika neno la Kizungu.

---

Mtu_wa_Tabata

Wakuu sijui niseme nini. Nilikuwa kazini, nimefungua saa hizi nimesoma yote kwa sauti sebuleni wote watatu tupo hapa.

Kijana, tulianza na "kujivua gamba". Mdogo wangu aliipenda sana maana ni nyoka yule yule ngozi mpya, lakini kila tuliyemjaribishia akili inaenda kwenye siasa za CCM za 2011, hasikii tena Daktari. Dada akaja na "kugeuka" tukaona ni kama mtu amegeuka jini. Sasa hivi tunasema "kuzaliwa upya" ila haijatuingia bado. Time Lord, yaani jamii anayotoka Daktari, tunasema Bwana wa Wakati. Wanaosafiri naye tunawaita wasafiri wenzake. TARDIS tumeacha ilivyo.

---

BintiNyali

Jaribuni "kuhuika". Mti uliokauka ukachipua tena tunasema umehuika, mzizi ule ule majani mapya. Na "amehuika" inasemeka haraka kwenye maongezi.

---

FundiSauti_Arusha

Amehuika. Nimeisema kwa sauti. Iko sawa kwenye maiki, haina s nyingi.

---

Mtu_wa_Tabata

Tumeichukua! Asante dada Nyali.

Basi tumeamua hivi. Haturuki hata moja. Marco Polo tunaigawa mara mbili, kwanza ya watoto na tepu rekoda na reli zilizozunguka Afrika, halafu ndo safari yenyewe ya Marco. Mdogo wangu ndiye atakayekuwa hajasikiliza, ameshatolewa kwenye grupu letu la WhatsApp tunakoweka noti ili asione kitu. Mchanga na ungo tumepata kwa jirani anayejenga. Muziki tutatengeneza wa kwetu, dada ana kalimba ya marehemu babu yake.

Kitu kimoja kimenigusa nikawaambia wenzangu hapa. Sisi Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, Zanzibar walianza 1973, kwa hiyo hizo reli za miaka ya sitini hapa kwetu hazingefika hata kwa bahati mbaya. Nilikuwa najiona kama tunaingilia kitu cha watu. Sasa namsikia mzee wa Nairobi anaimba ule muziki miaka karibu sitini baadaye bila kukumbushwa jina, sijisikii hivyo tena.

Msee, tafadhali mpe mzee shikamoo yetu. Muulize kama Jumamosi jioni anaweza, tutapiga sisi, dakika kumi tu zinatosha, asijiandae chochote. Tunataka hayo aliyokwambia, sakafu, mama mwalimu, taa.

---

msee_wa_eastlando

Marahaba, nimemfikishia. Jumamosi iko sawa baada ya saa kumi na mbili jioni. Anauliza kama kuna picha ya huyo mzee mwenye nywele nyeupe nimtumie kwa simu, anasema sura imempotea, sauti ndo anayo.